Kumpeleka Nyoka wa Majani Migwani

Wenzangu wa Kathonzweni mmeniuliza sana, sokoni, nje ya kanisa, hata nikiwa nimeinama kuchota maji: "Kyalo, ni kweli ulisafiri na nyoka?" Nimekuwa nikicheka tu na kusema tutaongea, maana nikianza kuieleza safari hiyo nikiwa nimesimama, wa kwanza huondoka kabla sijauvuka mto Athi. Kwa hivyo nimekaa chini niiandike yote. Shule yangu mnajua iliishia wapi. Mkiona mahali nimekosea, rukeni tu, endeleeni mbele.

Kwanza mjue niliendea nini. Dada yangu Ndunge, yule mliyemsindikiza kwa nyimbo akiolewa upande wa Migwani, alikuwa amekatazwa kisima. Habari ililetwa na mama mmoja wa huko aliyekuja huku kwa mkutano wa kanisa. Alisema kijijini kwao kuna kisima kimoja cha karibu, chini ya jabali, ukingoni mwa mto wa mchanga, na kando yake kulikuwa na matete mazito. Ndani ya matete hayo aliishi nyoka wa majani. Mnamjua huyo: mwembamba, kijani kibichi, macho makubwa kama ya mtu aliyeshtuliwa, hana sumu, na kazi yake mchana kutwa ni kuvizia vyura. Wanawake wa kisima hicho husema nyoka akiwepo, maji yapo. Hakuna anayemgusa, na hakuna anayegusa matete yake.

Sasa Ndunge hakuambiwa. Huku kwetu mke mgeni huonyesha bidii kwa kusafisha kisima. Unafyeka nyasi zote kando, kifutu asipate pa kujificha, na mama mkwe anafurahi. Ndunge alichukua panga asubuhi moja, peke yake, akafyeka matete yote mpaka pakang'aa. Nyoka akahama. Na mwaka wenyewe ni huu wa unga wa njano wa msaada, mvua haikuja, basi maji nayo yakashuka. Wanawake wakayaweka mambo hayo mawili pamoja, wakamwambia asichote tena pale mpaka nyoka arudi.

Yeye ana mtoto wa mgongoni. Mume wake yuko kazini Mombasa. Kisima kingine kiko mbali, anatoka giza halijaisha na kurudi jua likiwa utosini. Yule mama alisema Ndunge amekonda mpaka leso inamzunguka mara mbili, na maziwa ya mtoto yamepungua.

Sikulala vizuri baada ya hapo. Nikawaza: kama anayetakiwa ni nyoka, nyoka kwetu wapo. Wazo likaniingia kama wimbo. Mnanijua.

Kutoka nyumbani mpaka mto Athi

Nilimpata kwenye migomba yetu kule chini, amejinyoosha juu ya jani anaota jua la asubuhi. Nilimshika polepole kwa mikono miwili. Akanivimbishia shingo kwa hasira, kisha akatulia. Nikamwita Kanini, yaani mdogo, kwa sababu ukimwita mtu jina huwezi kumsahau mahali.

Nilimtia kwenye kibuyu kikubwa cha mama, kile cha shingo pana. Nilikitoboa matundu madogo shingoni kwa msumari wa moto, nikafunika mdomo kwa kipande cha leso, na leso hiyo nikailowesha maji ili asipatwe na joto.

Mama alinitazama nikitoboa kibuyu chake mpaka nilipomaliza.

"Ukipatikana na hiyo kitu njiani watasema nini?"

"Watasema mimi ni mwehu, mwaitu," nikamwambia mama yangu.

"Heri mwehu," akasema. "Watasema mchawi."

Hapo ndipo woga uliponiingia, na haukunitoka mpaka mwisho wa safari. Mnajua kwetu mtu akikutwa na nyoka mzima kwenye kibuyu hapewi nafasi ya kueleza mambo ya matete. Basi la kupitia miji ya Wote na Machakos nikaliogopa, kwa sababu ndani ya basi mizigo hukaliwa, hufunguliwa, hupitishwa mkono kwa mkono. Nikaamua kwenda kwa miguu mpaka Athi, nivuke, niingie Kitui kwa mlango wa nyuma.

Njiani kila nikisimama nilitia sikio kwenye kibuyu. Nikimsikia akijikunja, moyo unatulia. Nisipomsikia, natikisa kidogo, halafu najuta kwa nini nimemtikisa.

Mtoni nilimkuta baba mmoja ambaye huvusha watu kwa kutangulia na fimbo ndefu, akipima mchanga na kuangalia mamba. Maji yalikuwa ya kiunoni. Alikitazama kibuyu changu.

"Umebeba nini, kijana?"

Sikuwa nimejiandaa. "Mbegu," nikasema. "Napelekea dada yangu."

"Mbegu imevikwa kitambaa cha maji?"

"Ni ya kuota haraka."

Akacheka, akaingia mtoni. Nilijitwika kibuyu kichwani nikamfuata. Katikati ya mto Kanini akaanza kuzunguka ndani, nikamsikia kupitia fuvu langu, shwa, shwa, na mbele yangu yule baba anasema nisisimame, hapa kuna mchanga unaomeza. Upande mmoja mamba, upande mwingine mchanga, na juu ya kichwa nyoka. Nilitamani kucheka na kulia pamoja.

Tulipofika ng'ambo nikamuuliza, kama mtu wa kuongea tu, kama wale nyoka wa kijani wa majani wako pande hizi.

"Hao? Wamejaa," akasema. "Asubuhi kila tawi liko na mmoja. Mpaka wengine wanaogelea na sisi."

Nikafurahi. Nikajisemea nitauliza swali hilo kila mahali, ili nijue kama Kanini ninampeleka kwa watu wake au ninampeleka ugenini. Afadhali nisingeuliza.

Kanyangi

Kanyangi nilifika nimechoka, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Mbele ya duka moja kulikuwa na wanawake wameketi wakingoja unga. Niliomba maji ya kunywa, nikapewa kwa kikombe kidogo, na nilipoonekana namwagia leso tone lililobaki, mmoja akaniuliza kuna nini.

"Mbegu," nikasema tena. Uongo ukishatoka mara moja, ya pili hauulizi ruhusa.

Kumbe neno hilo, mwaka huu, si neno la kusema ovyo. Wote wakageuka kunitazama. Watu hawa walikuwa wamekula mbegu zao. Mama mmoja mtu mzima aliinuka akaja karibu, akakunja pembe ya leso yake ikawa kama kikombe.

"Mbegu gani, mwanangu?"

"Mtama."

"Tugawie kidogo. Punje tu za kuanzia. Mvua ikija tutakuwa na kitu cha kuweka chini."

"Siwezi, mwaitu. Ni ya dada."

"Na dada atajua kama punje zimepungua?"

Nilikikumbatia kibuyu. Pembe ya leso ilibaki wazi kwa muda, kisha akaikunjua. Mwingine akasema, bila kupunguza sauti, kwamba sisi watu wa Makueni tunajulikana, tukila kunde tunafunga mlango. Wakacheka wote, isipokuwa yule mama.

Nilikuwa na viazi vitamu alivyonichemshia mama, nikavitoa vyote nikawapa. Walivichukua, lakini hawakunitazama vizuri. Nikauliza swali langu kuhusu nyoka wa majani. Wakasema wao humwona mvua ikinyesha tu, pale bwawani. Sasa bwawa limekauka, na yeye haonekani.

Niliondoka pale na njaa, na mzigo mwingine ambao haukuwa kwenye kibuyu.

Kitui, lori la Abdi

Kitui nilipumua kidogo. Kwenye vilima vile kulikuwa na migomba bado, na muuza miwa mmoja aliniambia yeye humfukuza nyoka huyo shambani kila wiki. Lakini mimi nilikuwa nazidi kwenda kaskazini, na vilima vinabaki nyuma.

Kwenye mnada wa mifugo nilimpata Abdi. Ni mfanyabiashara wa mbuzi wa Garissa, mrefu, ndevu nyekundu kwa hina, sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ambo ya zizi. Mbuzi wake walikuwa wameisha, anarudi na lori tupu kupitia Migwani na Mwingi.

"Warya, unaenda wapi na hiyo kibuyu?"

"Migwani."

"Unajua Kikamba?"

"Ndiyo lugha yangu."

"Basi panda mbele. Mimi nikiuliza watu njia wananijibu kwa Kikamba, mimi najibu kwa Kisomali, tunaagana vizuri na hakuna mtu amesaidia mwingine."

Nilipanda. Akanipa nyirinyiri kutoka kwenye mkebe, vipande vidogo vya nyama iliyokaushwa ikazama kwenye mafuta. Nilikuwa na njaa, nikala kama mtu aliyetumwa. Akafurahi kuona. Aliponiuliza nimebeba nini nikamwambia mbegu, akainua mkono. "Mimi sina shamba, usiogope. Sitakuomba."

Shida ilikuwa joto. Lori lile injini yake iko katikati ya viti, imefunikwa kwa gunia, na gunia lenyewe linatoa moshi. Nilikishika kibuyu mapajani, nikaona leso imekauka mara moja. Nikakitoa nje ya dirisha. Vumbi likaja, nikakirudisha. Joto, nikakitoa tena.

Abdi aliangalia hivyo kwa muda. "Mbegu yako inatapika?"

"Inapenda hewa."

"Sijasikia."

Tulipoanza kukaribia Tulia lori likaanza kupiga mluzi, halafu mvuke ukatoka mbele kama chai. Abdi akasimamisha, akafungua boneti kwa kitambaa, akarudi nyuma.

"Rejeta imekunywa maji yote. Leta hiyo kibuyu, mwaga mbegu kwa gunia, tuchote maji."

Mikono yangu ikakikumbatia kibuyu yenyewe. "Hii haiwezekani."

"Haiwezekani namna gani?"

"Si... si ya maji."

Alinitazama. Si kwa hasira, na afadhali ingekuwa hasira. "Nimekubeba," akasema. "Nimekupa nyama ambayo mama yangu alinikaangia. Na wewe unaninyima kibuyu, gari ikiwa barabarani. Sawa. Kila mtu na kabila lake." Akatoa mkebe mtupu wa mafuta nyuma ya kiti, akaanza kutembea kuelekea sokoni. Nilimfuata kwa nyuma kama mbuzi asiyeuzika.

Tulia

Chini ya soko la Tulia kuna kijito kidogo, na kando ya kijito anaishi Mama Kavata, kiongozi wa kina mama kanisani kwao. Ana miwa, ana nduma, na ana matete mpaka ukutani. Alitupa maji bila kuuliza. Lakini Abdi aliporudi kuyatia akakuta mpira wa rejeta umepasuka, na mpira mwingine ni mpaka utumwe Kitui. Kwa hivyo tukawa wageni.

"Mtalala hapa," Mama Kavata akasema. "Wewe mwenye gari, najua hamli nyama yetu. Kuna muthokoi wa mahindi na maharagwe tu, hakuna kitu ya kukuharibu."

Abdi akamshukuru, mimi hakunisemesha.

Nilikiweka kibuyu pembeni jikoni, penye baridi, nikaenda kijitoni kunawa. Nilikaa kidogo. Kulikuwa na vyura wanalia, na kwenye majani nikaona mmoja wa kijani, ndugu kabisa wa Kanini, kichwa juu, anangoja. Hapa angefurahi, nikawaza. Hapa angekaa.

Sasa mnajua desturi. Mgeni akiingia nyumbani na kibuyu, hakiondoki kitupu. Mama Kavata alikuwa amekiinua ili afagie, akakiona chepesi. Akaona huruma: kijana anatembea mbali na kibuyu kitupu, halafu anaona aibu, anasema ni mbegu. Uji ulikuwa tayari kwenye sufuria, umeshapoa.

Niliporudi mlangoni nilimkuta ameketi kwenye kigoda, kibuyu kiko mapajani, leso imefunguliwa, upawa umesimama hewani. Upawa wa kwanza alikuwa ameshamimina. Hakuwa anapiga kelele. Hakuwa anatikisika.

"Mwanangu," akasema pole pole, "kuja ukae chini. Kwa kibuyu chako kuna mtu."

Kanini alikuwa ametoa kichwa mdomoni mwa kibuyu, uji unamdondoka kwenye macho. Nyuma yangu Abdi alichungulia, akasema Bismillahi, na nikasikia viatu vyake vikienda mpaka karibu na barabara.

Nilimtoa Kanini kwa mikono, nikampangusa uji kwa shati langu, kichwa, shingo, tumbo. Alikuwa amelegea. Nilimpeleka mlangoni nikammwagia maji, nikamngoja. Nilikuwa najiambia, amekufa, umemtoa kwa jani lake akiota jua ukamleta kufia kwenye uji. Halafu akatoa ulimi, akaurudisha.

Nikaanza kusema. Niliwaambia yote, Abdi akiwa amesimama mbali: Ndunge, matete, kisima, Kanyangi, mbegu zisizokuwepo. Nilipomaliza Mama Kavata aliweka upawa chini.

"Huyo mama wa Kanyangi alikunja leso yake?"

"Ndiyo, mwaitu."

"Kwa mbegu ambayo haiko."

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa. Kuhusu nyoka hakuonekana kusumbuka. Akamwangalia Kanini mikononi mwangu. "Na matete?"

"Matete gani?"

"Si umesema dada yako alikata matete. Sasa unawarudishia wale wanawake mgeni wao. Kitanda chake umeacha wapi? Huyu ukimwachilia kwa mchanga mtupu, kunguru atamwona akiwa angani, na jua litamalizia."

Wenzangu, nichekeni. Safari yote ile niliogopa mamba, nikaogopa watu, nikaogopa injini, na sikuwa nimewaza hata kidogo atakapokaa. Nilidhani kisima ni kisima. Kumbe Ndunge hakumfukuza nyoka, alimbomolea nyumba, na mimi nilikuwa nampelekea mwingine kwenye nyumba iliyobomolewa.

Abdi alikuwa amekaribia kidogo. "Kwetu nyoka akiingia nyumba, unamwambia mara tatu atoke," akasema. "Akikataa ndio unaweza kumuua. Huyu amekaa kwa gari yangu safari nzima na hakuna mtu amemwambia hata mara moja." Akamtazama vizuri. "Huyu namjua. Ukitoka Mwingi kuja kwetu humwoni. Njia yote ni swila na kifutu. Halafu unafika Tana, kwa mashamba ya ndizi, unamwona tena. Huyu hafuati barabara. Anafuata maji."

"Migwani je?"

"Migwani ni katikati," akasema.

Asubuhi Mama Kavata alikuwa kijitoni na jembe. Aling'oa matete na mizizi yake na udongo wake, akayafunga kwa gunia lililolowa. Akaniwekea kando mfuko mdogo, mtama wa mbegu, wa kweli. "Ukirudi, upitie Kanyangi," akasema. Halafu akakitazama kibuyu. "Na hiki pia hakiondoki hivi."

Akainama kwenye nyasi, akashika chura, akamtia ndani na Kanini. "Chakula ya njia."

Niliwahurumia wote wawili.

Migwani na kisimani

Abdi aliniteremsha Migwani mchana, mpira mpya ukiwa umefungwa. Alikuwa amenisamehe, lakini njia nzima miguu yake ilikaa upande wa mlango. "Nikipita tena nitauliza," akasema. "Kama hakuishi, usiniambie."

Kutoka pale ni kuteremka, ardhi inazidi kuwa nyeupe. Nilimuuliza kila niliyepishana naye kuhusu nyoka wa majani. Wa kwanza alisema babu yake alikuwa akimtaja. Wa pili alisema ni yule wa kisima. Wa tatu aliuliza mimi ni nani na kwa nini nauliza, nikaacha kuuliza.

Ndunge alikuwa anaingia na maji yake ya mbali nilipofika. Yule mama alikuwa amesema kweli kuhusu leso. Aliweka mtungi chini kabla ya kunisalimia, kwa uangalifu, kama mtu anayelaza mtoto. Nilipomweleza nilichobeba aliketi kizingitini, akacheka mpaka akajifunika uso, na sikujua ni saa ngapi kile kicheko kiligeuka kilio.

"Kyalo," akasema, "umemleta kutoka migomba ya mama?"

"Kutoka ile ya chini."

"Watanifukuza kabisa."

Kesho yake tulienda kisimani wakati wanawake wote wako. Pale palikuwa peupe kweli, visiki vya matete vimekauka kama meno. Mkubwa wao ni Mama Syombua, mwanamke mfupi, mkavu, anayeongea bila kuinua macho kutoka kwenye kazi. Alikuwa ndani ya kisima mpaka mabegani, anachota kwa kata.

Nilimweleza kwa heshima yote niliyonayo. Hakuacha kuchota.

"Wewe ni kaka yake?"

"Ndiyo, mwaitu."

"Na wewe ni mtu wa kanisa?"

"Ndiyo."

"Na sisi pia. Usije ukaenda kusema kwenu kwamba watu wa huku wanaabudu nyoka. Sisi hatumwabudu." Akapandisha kata. "Sisi tunataka tu arudi."

Wengine wakaitikia. Nikaomba jembe. Mimi na Ndunge tulipanda matete ya Tulia kuzunguka upande wa jabali, pale ambapo mchanga una unyevu. Yalikuwa yamelala tayari, majani yake yamekunjamana. Kisha nikafungua leso.

Wa kwanza kutoka alikuwa chura. Aliruka moja kwa moja kisimani, tumbwi, na mama mmoja akasema taratibu, "Huyo si yeye."

Kanini alingoja. Akatoa kichwa, akaangalia jua, akateremka. Alipita katikati ya matete niliyompandia kana kwamba hayapo, akapanda jiwe, kijani kile juu ya jabali jeusi, kila mtu anamwona, akaingia kwenye ufa, na ncha ya mkia ikafuata.

Wanawake wakausogelea ufa.

"Ameenda," mmoja akasema.

"Ameingia," mwingine akasema.

"Ameenda. Ule ufa unatokea upande wa pili."

"Na wewe umepita ndani?"

Mimi nilikuwa namtazama Ndunge, naye alikuwa anatazama mtungi wake mtupu. Mtoto mgongoni alikuwa anashika tete moja. Nilijua hakuna kingine nilichobakiza kwenye kibuyu.

Mama Syombua alitoka kisimani, akajikung'uta mchanga. Akayaendea matete, akayagusa moja moja.

"Haya yatakufa," akasema. "Yasipopata maji asubuhi na jioni, kesho kutwa ni kuni. Nani atayanywesha?"

Wengine waliitazama mitungi yao.

"Atayanywesha aliyekata," akasema mwenyewe.

Ndunge akasema kwa sauti ndogo, "Mama, nilikatazwa kuchota hapa."

"Ulikatazwa kuchota ya nyumbani. Ya matete utachota. Asubuhi na jioni, kila siku, mpaka yasimame."

"Na mtungi ukibaki na maji?" aliuliza mmoja nyuma, na nikasikia kicheko kidogo ndani ya swali.

Mama Syombua aliinama kuchukua kata yake. "Mwaka kama huu mtu hawezi kumwaga maji," akasema. "Atapeleka kwake." Akamsogezea Ndunge ile kata bila kumtazama.

Kurudi

Niliacha kibuyu kwa Ndunge, achotee maji ya matete. Nilirudi kwa njia ile ile, na Kanyangi nilimtafuta yule mama mpaka nikampata. Nilimwaga mtama wa Tulia kwenye pembe ya leso yake. Hakuniuliza kwa nini nimerudi, aliuliza tu kama dada yangu amekubali. Nikasema amekubali. Alichagua punje moja akaiuma, akaona ni nzuri, akaanza kuwagawia wenzake pale pale.

Mvua ilipokuja mliona wenyewe. Wiki iliyopita yule mama wa mkutano wa kanisa alipita tena, akaleta kibuyu chetu. Alisema Ndunge amenenepa uso, na matete sasa yanamficha mtoto akisimama. Alisema pia Mama Syombua ananikumbusha lile neno lake kuhusu kuabudu.

Mama alikipokea, akakipima mkononi. "Ni chepesi," akasema, na nikaona amehuzunika kidogo, maana Ndunge alilelewa vizuri.

Lakini ndani kulikuwa na kitambaa kimekunjwa, na ndani ya kitambaa kulikuwa na gamba la nyoka, jembamba kama ganda la kitunguu, limeokotwa kwenye matete. Mama alilinyoosha mezani lote, kichwa mpaka mkia. Hata mahali pa macho palionekana, makubwa, kama vioo viwili vidogo.

Halafu akachukua kibuyu, akaenda ghalani kuangalia tuna nini cha kutia ndani.